Kukarabati Nyumba Zenye Mkosi Mbele ya Kamera, Nakuru hadi Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu watatu: mwenye nyumba ambaye ploti yake ina neno, fundi aliyeitwa kuitengeneza, na mtayarishaji anayetaka kuleta kamera. Maswali yamefuata mpangilio wa kazi yenyewe: karatasi kwanza, kisha polisi, uchafu, kuta na watu. Rangi ni mwisho kabisa, ingawa kwenye televisheni ndiyo huonekana zaidi.

Nyumba gani huhesabiwa kuwa na mkosi?

Iliyouliwa mtu ndani, aliyojiua mtu, aliyofia mtu peke yake na kukaa siku kadhaa bila kujulikana, na iliyochomwa watu wakifukuzwa. Kundi hili la mwisho lisisahaulike Nakuru, Kisumu na Eldoret. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba nyingi ziliungua, na baadhi zilipigwa plasta juu ya masizi zikapangishwa. Nyumba aliyofia mzee wa miaka tisini kitandani, akizungukwa na wajukuu, haimo. Hiyo ni nyumba tu.

Mtindo huu wa vipindi ulitoka wapi?

Kilichoupa jina ni kipindi cha Marekani, Murder House Flip, kilichotoka mwaka 2020 kwenye Quibi, huduma ya video za simu ambazo kipande kimoja hakikuzidi dakika kumi. Nyumba mojawapo iliyokarabatiwa iko Sacramento, California, ambako polisi walifukua maiti saba uani mnamo Novemba 1988. Quibi ilifungwa mwaka huohuo wa 2020, lakini mtindo ukabaki: simulizi ya mauaji, nyundo ukutani, machozi, mapazia mapya. Dakika kumi hazitoshi hata kuonyesha sakafu ikikauka, na katika nyumba ya aina hii, kukausha sakafu ndiyo nusu ya kazi.

Uingereza waliamua vingine. Nyumba nambari 25 ya Cromwell Street, Gloucester, ambako Fred na Rosemary West waliua watu, ilibomolewa mwaka 1996 na matofali yake yakasagwa ili mtu asiyaokote kama kumbukumbu. Kubomoa nako ni jibu, na wakati mwingine ni jibu rahisi kuliko ukarabati.

Je, muuzaji Kenya analazimika kusema kwamba kulitokea mauaji?

Hakuna kifungu maalumu kinachomtaka ataje kifo. California wanayo sheria: baada ya miaka mitatu muuzaji hashtakiwi kwa kunyamaza, ila akiulizwa haruhusiwi kudanganya. Huku kwetu mnunuzi ndiye wa kufungua macho. Njia ya kujikinga ni kuuliza kwa maandishi. Mwambie wakili aingize swali hilo kwenye mkataba kabla hujalipa ile amana ya asilimia 10 iliyozoeleka. Muuzaji akisaini kwamba hakuna kitu, kisha kikajulikana, una mahali pa kushika. Ukiuliza kwa mdomo chini ya mwembe, huna.

Nitajuaje kama broka ananificha?

Anza na hukumu. Uamuzi wa Mahakama Kuu umewekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na kesi zote za mauaji husikizwa Mahakama Kuu. Tafuta kwa jina la mtaa, si jina la mtu, kwa sababu hukumu hueleza mahali: "Section 58", "Nyalenda", "Amalemba". Kisha nenda kwa mzee wa nyumba kumi na kwa naibu chifu. Mwisho, nunua sukuma kwa mama mboga wa karibu siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza utapewa sukuma. Siku ya pili utapewa habari.

Dalili za ndani ya nyumba: chumba kimoja chenye taili mpya wakati vingine vina simiti, mlango mmoja usiofanana na mingine, silingi iliyobadilishwa kipande, na kodi iliyo chini kuliko ya majirani bila sababu.

Mwenye nyumba ndiye aliyeuawa. Mtoto wake anaweza kutupa funguo?

Hawezi, hata kama yeye ndiye kifungua mimba. Mali ya marehemu iko chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Lazima mahakama itoe barua za usimamizi, kisha izithibitishe, na kwa kawaida uthibitisho hauombwi kabla ya miezi sita kwisha. Kabla ya hapo, anayeuza, anayegawa au anayevunja kuta anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai. Sheria hiyohiyo inamzuia aliyemuua marehemu kurithi chochote chake. Hivyo ikiwa mume anashtakiwa kumuua mkewe na hati ina jina la mke, usisaini chochote na mume wala na ndugu anayemwakilisha hadi kesi iishe. Watayarishaji hupenda kuanza na mkataba wa kurekodi. Anzeni na cheti cha uthibitisho.

Polisi wameondoa utepe. Tuanze kazi?

Utepe kuondolewa si ruhusa. Chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), mtafute afisa wa DCI, idara ya upelelezi, anayeshika faili, na uombe maandishi kwamba eneo limeachiliwa. Kesi ya mauaji huweza kuchukua miaka, na jaji anaweza kuamua kwenda kuliona eneo mwenyewe. Ukuta uliokuwa na tundu la risasi ukiwa umeshapigwa jipsamu, wewe ndiye utakayeulizwa. Hata baada ya kupata maandishi, piga picha kila chumba kutoka pembe zote nne, futi ya kupimia ikiwa ndani ya picha, kabla ya nyundo ya kwanza.

Damu iliyoingia sakafuni hutolewaje?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo twende polepole.

Mtu mzima ana damu lita tano hivi, na simiti hunywa. Doa la juu lenye upana wa sahani linaweza kuwa la meza chini, hasa kama sakafu ina nyufa au ni ya mbao zilizoungwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hivyo tukio la wiki hii si kazi ya kibarua na mopu. Vaa gambuti, glavu nzito za mpira, aproni, miwani na barakoa ya N95.

Osha kwanza kwa sabuni na maji baridi. Maji ya moto huigandisha damu ikashika zaidi. Sabuni isuuzwe yote, kisha ndipo uweke dawa, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu huisha nguvu kabla ya kuua kitu. Jik yenye asilimia 3.5 ichanganywe kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, upate asilimia 0.5. Kwa chumba cha kawaida, lita moja na nusu ya Jik kwa lita tisa za maji zinatosha. Soma kibandiko, kwani nguvu hutofautiana. Acha sakafu ikiwa imelowa dakika kumi, kisha suuza. Changanya ya siku hiyo tu. Ya jana imekufa. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia: gesi itakayotoka huchoma mapafu, na mikojo ya zamani kwenye godoro ina amonia ya kutosha kuanzisha balaa.

Hapo umeua vijidudu. Doa na harufu bado vipo chini. Chora mstari sentimita 30 nje ya ukingo wa doa, kata kwa grinda, kisha chimbua tabaka la juu la simiti kwa patasi hadi slabu, yaani zege la chini. Ukikuta slabu nayo imebadilika rangi, kwaruza sentimita moja zaidi, paka dawa tena, iache ikauke kabisa, halafu ziba kwa epoksi mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Kagua pia skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) na milimita chache za plasta nyuma yake. Damu hutiririka hadi ukutani na kujificha hapo, na ndipo wengi husahau.

Vifusi hivyo haviendi kwa trela la taka za mtaa. Zungumza na afisa wa afya ya umma wa kaunti akuelekeze hospitali yenye tanuri la kuchomea. Mifuko ya manjano ndiyo ya taka za kuambukiza.

Kurudisha tabaka: chumba cha mita 3 kwa 4, unene wa milimita 40, mchanganyiko wa simiti moja kwa mchanga nne, huchukua mifuko minne ya kilo 50 na karibu nusu mita ya ujazo ya mchanga. Ulowanishe siku saba.

Harufu imerudi baada ya miezi mitatu. Kwa nini?

Kwa sababu ilifunikwa, haikutolewa. Rangi ya maji na taili hazizuii harufu. Zinaichelewesha hadi joto lipande. Kisumu, iliyo mita 1,131 tu juu ya bahari na yenye unyevu wa ziwa, harufu hurudi mapema. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, na baridi yake humdanganya fundi kwamba kazi imekwisha. Jaribio rahisi: funga madirisha yote saa tano asubuhi siku ya jua, rudi saa tisa alasiri, unusie kwenye pembe chini, si katikati ya chumba. Kama ipo, hakuna manukato ya kuiondoa. Rudi kwenye skatingi na silingi. Katika kifo kilichogunduliwa baada ya siku nyingi, ubao wa silingi hufyonza harufu kama sponji na hauoshwi, hutupwa.

Nyumba iliungua. Kuta zimesimama. Zinafaa?

Kusimama si ushahidi. Gonga kwa nyundo ndogo kila nusu mita: sauti kavu ni salama, sauti ya debe tupu ni plasta iliyoachana na ukuta, nayo itolewe yote.

Zege hukuachia ripoti yake yenyewe. Likipita nyuzi 300 hivi za Selsiasi huelekea rangi ya waridi na kuanza kupoteza nguvu. Likigeuka kijivu cheupe linalomeguka kwa kidole, lilifika 600 au zaidi, na nondo za ndani katika joto hilo hubaki na kama nusu ya nguvu zake wakati moto unawaka. Ukiona waridi kwenye lenta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) au nguzo, simamisha kila kitu umwite injinia wa miundo aliyesajiliwa. Mtayarishaji akisema rangi hiyo inapendeza kwenye kamera, mwonyeshe mlango.

Matofali ya kuchoma, yanayopatikana sana upande wa Kakamega na Bungoma, huvumilia kwa kuwa tayari yalipita tanurini. Kinachokufa ni udongo au simiti iliyoyashika. Kwaruza viungo kwa msumari. Ukizama sentimita mbili bila shida, ukuta uvunjwe ujengwe upya kwa matofali yaleyale.

Mabati nayo hudanganya. Zinki iliyoyafunika huyeyuka kwa nyuzi 419. Bati lililopita hapo huonekana zima, likapakwa rangi, na mvua mbili tatu baadaye linatoboka kwa kutu. Badilisha yote. Mbao za kenchi hukwanguliwa hadi ubao mgumu uonekane, kisha hupimwa: ya inchi mbili kwa nne iliyobaki moja na nusu kwa tatu haibebi tena mzigo wa mwanzo. Nyaya za stima zitolewe zote hata kama taa inawaka, kwa sababu plastiki yake imeshapikwa ndani ya mabomba.

Masizi huoshwa kutoka chini kwenda juu, si juu kwenda chini, maana maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi isiyotoka. Baadaye paka rangi ya kwanza ya mafuta. Ukipaka ya maji, madoa ya kahawia yatapenya kabla ya wiki kwisha.

Ufa ukutani ni wa moto, wa risasi au wa ardhi?

Nakuru ina udongo wa majivu ya volkano unaodidimia mvua ikipita chini yake. Kisumu ina maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta, andika tarehe. Kioo kikivunjika ndani ya miezi, ardhi bado inatembea. Ufa unaozidi milimita 5 ni wa injinia.

Silingi au paa la asbesto?

Usiliguse, usilikate, usilipige brashi. Nyumba kuukuu za wafanyakazi na za serikali mara nyingi huwa nalo. Huondolewa kwa utaratibu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, na wanaoliondoa na kulisafirisha wawe na leseni. Picha ya mtangazaji akivunja silingi kwa nyundo, vumbi likimwangukia usoni, ndiyo picha ya hatari kuliko zote katika vipindi hivi.

Kipindi kina siku tano za kazi. Inawezekana?

Inawezekana kurekodi, haiwezekani kukarabati. Simiti mpya hukauka takribani milimita moja kwa siku, kwa hiyo tabaka la milimita 40 linahitaji kama siku 40 kabla ya kufunikwa kwa kitu kisichopumua, na zaidi msimu wa mvua ndefu. Plasta mpya ingoje wiki nne kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo chumvi kali ya simiti huigeuza rangi kuwa kama sabuni na kuibandua. Kinachotokea kwa ratiba ya siku tano ni kwamba nyumba inapendeza siku ya kufunguliwa pazia, na mwezi wa pili taili zinainuka na rangi inafura kama chapati. Wakati huo kamera ziko mji mwingine.

Suluhisho ni kurekodi kwa awamu mbili: siku nne za kubomoa na kusafisha, kisha mapumziko ya wiki sita, kisha siku tatu za kumalizia. Gharama ya kurudi ni ndogo kuliko ya kurudia.

Tumekuta risasi ndani ya ukuta. Tumekuta mfupa uani.

Simama. Usiokote, usioshe, usipige picha ya kuweka mtandaoni. Piga simu kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. Kukaa na risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha. Mfupa ukionekana wa ng'ombe, bado si wewe wa kuamua.

Uani kuna kaburi. Tunaweza kulihamisha?

Si kwa makubaliano ya mdomo. Kufukua maiti kunahitaji kibali cha kisheria, afisa wa afya ya umma na polisi kuwepo, na kwa vitendo familia yote kukubaliana. Mara nyingi ni nafuu kulizungushia ua, kulitolea njia na kuliandika kwenye mkataba wa mauzo.

Boma la kijijini Siaya au Homa Bay linafaa kwa kipindi hiki?

Hapana, na si kwa sababu ya ushirikina. Kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, wakili wa Nairobi ambaye mjane wake na ukoo wake waligombania mahali pa kumzika, iliyoishia kwa yeye kuzikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi Mei 1987, iliwafunza Wakenya wote tofauti kati ya nyumba na dala, yaani boma la Kiluo. Nyumba ya mjini huuzwa na kununuliwa. Dala ni ukoo uliosimama juu ya ardhi. Kwa desturi ya Waluo, kijiti cha osuri juu ya paa huondolewa mwenye nyumba akifa, na nyumba ya mjane haitengenezwi hovyo kabla ya mila zake kukamilika. Kontrakta kutoka Nairobi akipanda kwenye paa hilo na kamera, amegusa kitu ambacho leseni yake haifiki. Tafuteni nyumba ya mjini.

Mafundi wakisikia kilichotokea hawaji. Tuwafiche?

Watajua siku ya kwanza, na wataondoka na nyundo zenu. Waambie kabla ya kukubaliana bei. Kisha panga siku moja ya maombi kabla ya kazi, aje padre, mchungaji au imamu kulingana na wenyewe, bila kamera. Kiratiba tu, siku hiyo inajilipa: fundi mwenye hofu hutoroka saa kumi na kuacha simiti aliyochanganya ikigandia kwenye karai. Usiwapangie kazi ya usiku.

Vibali vya kurekodi na vya ujenzi ni vipi?

Leseni ya filamu iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Droni ina ruhusa yake kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukibadilisha kuta, paa au matumizi ya jengo, kaunti iidhinishe michoro na mradi usajiliwe na NCA, mamlaka ya ujenzi. Nyuso na nambari za nyumba za majirani zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watie saini au wafichwe.

Jamaa wa marehemu wanasemaje?

Waulizwe kabla ya mwenye nyumba kusaini, hata kama hawana haki yoyote juu ya ploti. Wakikataa jina litajwe, lisitajwe. Kipindi cha sakafu hakihitaji jina. Wasiletwe siku ya kufungua pazia kushangazwa mbele ya kamera. Na wasilipwe ili walie.

Luminoli, ile dawa inayong'aa gizani, ituambie kama tumesafisha?

Haitakuambia. Hung'aa bluu kwa sekunde chache ikikutana na chuma cha damu, lakini pia ikikutana na Jik uliyoimwaga jana. Sakafu iliyosafishwa vizuri inaweza kuwaka kama krismasi. Ni mapambo ya televisheni.

Na rangi je?

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye urefu wa mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba 34 hivi ukitoa mlango na dirisha. Bati moja la lita 4 la rangi ya kwanza ya mafuta, kisha mabati mawili ya lita 4 ya rangi ya juu kwa mikono miwili. Chagua isiyo nyeupe kabisa. Kwenye nyeupe, doa lolote linalopenya kutoka chini huonekana na mpangaji kabla hajaingiza godoro.